Ofisi ya tafsiri Nasser Road iliyoniuliza "sawa" ipi

"Aliye sawa hapa ni mtu, au ni hisa?"

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja wa miwani minene, ghorofa ya pili, Nasser Road, kabla hajakubali kuzitafsiri karatasi zangu. Nilikuwa nimempelekea katiba ya kikundi chetu, kurasa sita, itafsiriwe kwa Kiganda, Kiacholi na Kilingala. Nilidhani ni kazi ya siku mbili na ubishi kidogo wa bei. Nikakaa pale saa mbili na nusu, nikatoka bila hata mstari mmoja uliotafsiriwa, na bado nasema hivi: mwenye maandishi ambayo watu wanaweza kushikana mashati kwa ajili yake, ayapeleke pale.

Kampala nzima inaijua Nasser Road kwa uchapaji. Mabango ya wagombea, vitabu vya risiti, kalenda, kadi za harusi, vyote hutoka pale, na mashine za kukatia karatasi zinagonga kutwa nzima. Ofisi ninayoizungumzia imejificha katikati ya makelele hayo. Haina kibao barabarani, ina karatasi tu iliyobandikwa mlangoni. Ukifika waulize wachapaji wa kadi yuko wapi mwalimu wa lugha, watakuonyesha ngazi.

Kwanza niseme kwa nini nilihitaji huduma hii, maana bila hilo sifa nitakazowapa hazitaeleweka.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huko Makindye. Tuko 24. Wapo Waganda, Waacholi, Wanyankole, Wakongo wawili, Msomali mmoja na mwenzetu mmoja wa Bombo, Mnubi. Mimi baba yangu ni Mwacholi na mama ni Mnyankole, nikazaliwa kambini, na Kiswahili ndicho kilichotulea sisi watoto wa wanajeshi. Ndiyo sababu nilipewa kalamu: kumbukumbu za kikao naandika kwa Kiswahili, kila mtu anashika chake. Utaratibu wetu ni ule unaojulikana. Kila wiki mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, hisa moja shilingi 2,000, anagongewa mihuri kwenye kitabu chake. Fedha zinakaa kwenye sanduku la makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwisho wa mwaka tunagawana.

Katiba niliiandika mwenyewe. Kifungu cha 7 nilikiandika hivi: "Wanachama wote ni sawa na watagawana faida sawa." Nilikipenda kifungu kile. Kilisikika vizuri kinywani.

Desemba sanduku lilipofunguliwa tulikuta faida ya shilingi 1,440,000 juu ya akiba zetu. Hisa zote za mwaka zilikuwa 3,000, kwa hiyo mweka hazina akapiga hesabu yake: kila hisa faida 480. Mwenzetu wa vitenge, Mkongo aliyekulia Kinshasa, alinunua hisa tano kila wiki kwa wiki 50 bila kukosa, akawa na hisa 250. Faida yake 120,000. Mama wa chapati alinunua moja moja, akawa na 50. Faida yake 24,000. Mama wa chapati hakupiga kelele. Alisimama, akakunja khanga yake kiunoni, akaomba katibu asome kifungu cha 7. Nikasoma. Akasema, "Tuko 24. Gawanya."

Ukigawanya kwa 24 kila mtu anapata 60,000. Kwa mama wa chapati ni nyongeza ya 36,000, na fedha hiyo ni unga wa siku kadhaa. Kwa wa vitenge ni kupoteza nusu ya haki yake. Wote wawili walikuwa wanasoma neno langu lilelile, na kila mmoja alikuwa na sababu. Tulirudisha fedha sandukuni, tukafunga makufuli, zikakaa humo wiki sita. Wiki sita hizo watu walikuwa hawasalimiani njiani.

Ndipo mwenyekiti akasema kila mtu asomewe katiba kwa lugha yake, huenda Kiswahili ndicho kinachotugombanisha. Kijana wa mmoja wetu akaingiza kifungu kwenye programu ya simu. Kwa Kiganda programu ilitoa "kale", lile la kumjibu mtu "haya, nimekubali". Kwa Kilingala ikatoa "malamu", yaani vizuri. Kwa hiyo wanachama wote wakawa wamekubali, na wanachama wote wakawa wazuri. Mwenzetu wa vitenge akarudisha simu bila kusema neno.

Sasa turudi kwa mzee. Aliwahi kufundisha hesabu na Kiswahili miaka mingi kabla hajafungua ofisi. Alisoma katiba yote mpaka mwisho, hakuruka ukurasa, hiyo peke yake sijaiona kwingine. Kisha akarudi kifungu cha 7, akachukua penseli, akachora mistari miwili midogo: =.

"Mwanangu, unaijua hii?"

"Ni sawasawa, mwalimu."

Akaniambia alama ile ilianzishwa na mtu wa Wales, Robert Recorde, mwaka 1557, baada ya kuchoka kuandika kila mara kwa maneno kwamba hiki ni sawa na kile. Akachagua mistari miwili inayokwenda sambamba yenye urefu mmoja, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. "Lakini huwezi kuiandika alama hii ukaacha upande mmoja mtupu," mzee akasema. "Mtoto wa darasa la tatu nitamwekea kosa. Wewe umeandika wanachama ni sawa. Sawa na nini? Kwa kimo? Kwa kura? Kwa fedha?" Ndipo akaniuliza lile swali: aliye sawa hapa ni mtu, au ni hisa?

Nilinyamaza. Nilijua jibu la kifungu kimoja lakini si la vyote.

Akachukua karatasi safi akaanza kuandika kazi tunazoipa "sawa" kila siku. Sawa ya kukubali. Sawa ya usahihi, kama hesabu iko sawa. Sawa ya afya, ukimuuliza mgonjwa uko sawa. Sawa ya tambarare, ndiyo tunayoisikia tukiambiwa Kampala iko kama mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Na sawa ya kulingana. Neno letu limetoka Kiarabu, na huko pia lina watoto wengi: usawa wa haki wanauita musawa, na wafanyabiashara wa Juba wanaoshuka Kampala utawasikia wakisema "sawa" wakimaanisha pamoja. Mimi nikaongeza ya kambini. Askari akipewa amri hujibu "Sawa, afande", na hapo hakuna anayelingana na mwenzake, mmoja anaamuru na mwingine anatii. Mzee akaiandika na hiyo chini kabisa, akaipigia mstari.

Akasema, neno linalobeba mizigo mingi hivi linafaa kwa kuishi na majirani, lakini kwenye karatasi ya fedha lazima lipakuliwe. Na lugha nyingine zitakulazimisha kulipakua upende usipende, kwa sababu hazina gunia moja la kutia vyote.

Kiganda kwanza. Kitu kikiwa kilekile, Mganda anasema "kye kimu", ni kimoja. Watu walewale, "be bamu". Vitu vikifanana, "okufaanana", ambalo hata asiyejua Kiganda analisikia kuwa ni ndugu wa kufanana kwetu. Lakini kulingana ni "okwenkana", na neno hili asili yake ni la kipimo: mtu akiuliza mtoto "yenkana wa", anauliza amekuwa mkubwa kiasi gani. Ukisema wanachama "benkana" umesema wanalingana, na msikilizaji atataka kujua kwa kipimo gani. Kisha mzee akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekisikia redioni maisha yangu yote bila kukiona. Okwenkana ukiligeuza kuwa la kufanya vitu vilingane linakuwa "okwenkanya", na humo ndimo linamotoka "obwenkanya", neno la haki na uadilifu. Kwa Mganda, kutenda haki ni kazi ya mikono, ni kusawazisha. Anayetaka usemi wa wote kuwa kiwango kimoja kabisa anarudia rudia neno: ukutani kwake mzee amebandika kifungu cha kwanza cha Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kwa lugha kadhaa. Kiswahili kinasema "hadhi na haki zao ni sawa". Kiganda kinasema eddembe n'obuyinza "ebyenkanankana". Lisome kwa sauti, uone linavyokwenda huku na huku kama mizani inayotafuta kutulia.

Na angalia kitu ambacho vyote viwili vinasema. Vinataja kinacholingana: Kiswahili hadhi na haki, Kiganda uhuru na mamlaka. Waandishi wake hawakuacha upande mmoja mtupu.

Kwa Kinyankole sikuhitaji mwalimu, nilikuwa na mama. Sisi tulikuwa mabinti wawili tuliofuatana, na maziwa yakimiminwa tulikuwa tunapiga magoti sakafuni ili macho yafike usawa wa vikombe. Mama alikuwa na maneno yake mawili. Kuhusu nguo alitumia "okushushana", yaani kufanana, hilo alilisema akicheka. Kuhusu maziwa alisema "nibyingana", vinalingana, na hilo alilisema akiwa ameinama na kidole ukingoni mwa kikombe. Hata siku moja hakuyachanganya. Nilimweleza mzee, akafurahi, akasema neno linalosikika karibu na hilo limetembea mbali: Kiswahili kulingana, Wanyarwanda wanaita usawa wa wanawake na wanaume "uburinganire", na ukishuka hadi Afrika Kusini, Mzulu naye anasema "ukulingana".

Kiacholi ndicho kilichonigusa. Kulingana kwa Kiacholi ni "rom". Nilijua. Lakini mzee alimwita mtafsiri wake wa Kiacholi, dada mmoja wa Gulu aliyekuwa akichapa chumba cha pili, na yeye akaandika chini yake "romo": kutosha. Nikamwona baba. Mezani akiwekewa chakula, mama akiendelea kupakua, baba alikuwa anafunika sahani kwa kiganja na kusema "oromo". Imetosha. Baba alikuwa mtu wa sahani ndogo, kaka yangu mkubwa alikuwa mtu wa sahani ya mlima, na kila mmoja alisema oromo kwa wakati wake. Sikuwahi kuweka maneno hayo mawili kando kwa kando mpaka siku ile Nasser Road, nina miaka zaidi ya 40.

Basi yule kijana wao wa Kilingala, naye alikuwa hapohapo akisubiri printa, akasema mbona kwao ni vivyo hivyo. Imetosha ni "ekoki". Ukiuongeza mzizi huo mkia wa kutendana unapata "kokokana", kulingana. Sisi sote tuko sawa ni "biso nyonso tokokani". Kutoshana, basi, kama Kiswahili kingeruhusu neno hilo. Kiacholi na Kilingala hazina undugu wowote wa damu, moja ni ya Kiluo na nyingine ni ya Kibantu, na zote mbili zimeweka kulingana na kutosha katika nyumba moja.

Kijana huyo amesoma kwa Kifaransa na alitaka kutetea "égalité" yao. Mzee akamwambia hiyo imetoka Kilatini, kwa neno la tambarare, uwanja usio na mlima. Ikweta nayo ni ya ukoo huo, maana yake msawazishaji, mstari unaofanya mchana na usiku ulingane. Sisi Uganda tunaukanyaga mstari huo tukielekea Masaka. Pale Kayabwe teksi husimama, watu wanashuka kupiga picha kwenye yale maduara meupe, na mimi nimepita pale tangu utotoni nikidhani ikweta ni jina tu la mahali.

Jambo moja dogo nje ya hoja, lakini wapenda Kiswahili watalipenda. Chini ya ngazi kuna duka la karatasi la Mhindi, Mgujarati. Akimaliza kuhesabu bunda anasema "barabar", yaani sawa, imetimia. Neno hilo ni la Kiajemi, na ndilo hilohilo lililofika pwani yetu likawa barábara, la "amefanya kazi barábara", ukikaza sauti kwenye silabi ya pili. Ukikaza ya tatu unapata ile ya magari. Mwalimu wangu wa shule hakunifundisha hilo, nimelipata kwenye ngazi za Nasser Road.

Haya, kazi yenyewe. Mzee hakutafsiri kifungu cha 7. Alinirudisha nacho nyumbani, akaniagiza kikundi kikipasue kwanza. "Mimi ni mtafsiri, sigawi fedha za watu," alisema. Tulikaa Jumapili mbili. Tukaona kuna sawa tatu mle ndani zilizokuwa zimelala kitanda kimoja. Ya kwanza ni ya watu: kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa 50 au 250. Ya pili ni ya hisa: kila hisa itapata faida sawa na hisa nyingine yoyote, kwa hiyo mtu atapata kulingana na hisa zake. Ya tatu ilitoka kwa mama mmoja wa Gulu, mkubwa wetu kwa umri, baada ya kuwasimulia habari ya rom na oromo. Alisema mfuko wa jamii, ule tunaochanga shilingi 500 kila mtu kila wiki kwa ajili ya misiba na magonjwa, si wa kugawana kwa kichwa wala kwa hisa. Mwenye msiba apewe kinachotosha. Hilo tulikuwa tunalifanya miaka yote, ila halikuwa limeandikwa popote.

Mama wa chapati aliuliza kitu kimoja tu kuhusu ile ya pili: kama inamaanisha mwaka ujao akinunua hisa mbili kila wiki faida yake itakuwa maradufu. Mweka hazina akamwambia ndiyo, hisa yake na ya mwenye vitenge ni sawa kabisa, senti kwa senti. Akakaa chini. Faida ya mwaka uliopita tuliigawa kwa hisa, na kikundi kikamwongezea 10,000 kutoka faini, kwa kura, kwa sababu katiba mbovu ilikuwa ya kwetu na alikuwa ameisoma kama ilivyoandikwa.

Nilirudisha vifungu vitatu badala ya kimoja, na safari hii walitafsiri. Bei: Kiganda shilingi 25,000 kwa ukurasa, Kiacholi 30,000, Kilingala 40,000. Si rahisi. Kwa kikundi kama chetu ni mzigo, na tulilipa kwa awamu mbili, jambo walilolikubali bila kununa. Ukurasa wa kwanza na majina ya vyeo hawakututoza. Walitupa pia nakala moja yenye lugha zote bega kwa bega, safu nne, ili ukisoma kifungu kwa Kiganda uone papo hapo Kiswahili chake. Nakala hiyo imekuwa na faida kuliko zote. Kwenye vikao watu wanaifuata kwa kidole kutoka safu hadi safu.

Ubora wenyewe niliupima kwa njia moja: kila nakala nilimpa mwenye lugha yake asome peke yake, kisha anielezee kwa Kiswahili alichoelewa, bila kumwonyesha Kiswahili chetu. Kiganda kilirudi kama kilivyokwenda. Kifungu cha hisa walitumia "okusinziira ku", kulingana na, na hakuna aliyekwama. Kilingala pia, ingawa mwenzetu wa vitenge alisema kinasikika kama cha kanisani kuliko cha sokoni. Nadhani ana haki. Mtafsiri ni kijana msomi, na kwa maandishi ya akina mama wa biashara angeweza kulegeza kidogo.

Kiacholi kilikuja na kosa, na siwezi kulificha. Kwenye kifungu cha kura, mchapaji aliongeza herufi moja: palipotakiwa "rom" pakawa "romo". Badala ya kura zote kulingana, kura zikawa zinatosha. Mama yetu wa Gulu aliliona kabla hajamaliza mstari. Kwa ofisi ambayo mkuu wake alinikalisha saa mbili na nusu juu ya neno hilohilo, kosa hilo liliniumiza. Lilitakiwa lionekane kabla ya muhuri. Walichapa upya bila malipo na mzee aliomba radhi yeye mwenyewe, hakumsukumia mchapaji, ila nauli ya boda ya kwenda na kurudi ilitoka mfukoni mwangu na hakuna aliyeitaja.

Walichelewa pia. Waliniahidi Jumatatu, nikapata Ijumaa. Siku zile nne simu ya mapokezi haikupokelewa zaidi ya mara moja. Binti wa mapokezi ana haraka na watu, anaweza kukwambia mzee hayupo kumbe yupo nyuma anakunywa chai. Usikubali kuacha karatasi zako kwake tu. Sema unataka kuonana na mwalimu, kaa, subiri. Na risiti omba mapema, maana mimi walinikumbuka nilipokuwa nimefika mlangoni.

Mambo mengine kwa ufupi: beba maandishi yako kwenye flashi pamoja na nakala ya karatasi, kwa sababu umeme ukikatika mzee anaendelea kwa penseli. Asubuhi kabla ya saa nne ni kimya kiasi, mashine hazijashika kasi. Kinyankole wanafanya. Kilugbara waliniambia hawana mtu wanayemwamini kwa sasa, na nilipenda walivyosema hivyo badala ya kuchukua fedha.

Mwenzetu Msomali wa Kisenyi alikuwa amejinyamazia muda wote huu kwa sababu Kiswahili chake kinamtosha. Wiki iliyopita aliniletea mwenyewe shilingi 40,000 akataka nakala ya mama yake, ambaye anataka kujua fedha za binti yake zinakwenda wapi. Nikaipeleka. Mtafsiri wao wa Kisomali, bwana mmoja wa makamo, alisoma vifungu vyetu vitatu akasema kwao kuna "isku mid", kuwa kitu kimoja, na kuna "sinnaan", usawa wenyewe. Akaniuliza kwenye kifungu cha kura nataka ipi. Nilimjibu palepale. Nitaifuata Jumatano, na safari hii nitaisomesha kwa mtu kabla sijashuka ngazi.